Mji si mti, na studio zetu Nairobi bado zinachora miti

Kuna soko moja nilisaidia kuchora nikiwa ndio nimetoka chuo, sitasema liko wapi, lina chini na juu, paa limeinuliwa hewa inapita vizuri, ngazi pana ya zege, na huko juu tukaweka vibanda vingi kuliko chini kwa sababu ploti ilikua ndogo na orodha ya wafanyabiashara ilikua ndefu. Kwa karatasi lilikua soko la kupendeza sana. Likafunguliwa, wamama wa nyanya na sukuma wakapewa namba za juu, wakapanda wiki moja, mbili, halafu mmoja mmoja wakaanza kushuka wakarudi kando ya barabara pale pale kanjo, wale askari wa jiji, walikua wakiwafukuza. Miezi michache baadaye juu kulikua na njiwa na magunia matupu.

Nilirudi huko peke yangu, hakuna mtu alinituma, nikakaa na mama mmoja pale nje nikamuuliza kwani huko juu kuna shida gani. Akaniambia, "Kijana wangu, nyanya inakuja na kreti, kreti inabebwa na mtu, na huyo mtu analipwa. Akipanda ngazi anaongeza bei. Na mteja wangu anatoka kazini saa kumi na mbili amechoka, gari liko pale linaita, sasa atapanda kutafuta nyanya za shilingi thelathini?" Basi. Kreti, mbebaji, bei, saa, mteja, gari, ngazi, vyote vimeshikana kwa pumzi moja, na mimi nilikua nimesoma miaka sita na hakuna siku hata moja mtu alinifundisha kuviona vikiwa vimeshikana hivyo. Na si ati hatukuchora soko chuoni. Tulichora, semista nzima, na siku ya kriti, ile siku unatetea michoro yako mbele ya jopo, wale walimu na wageni wao wakaongea juu ya paa, juu ya konsepti, juu ya vile nimeshughulikia jua la magharibi, nikapewa alama nzuri nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Nimeanza na hiyo hadithi kwa sababu nataka kuongea juu ya msanifu mmoja ambaye nadhani kila mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Nairobi angefaa kumjua maisha yake yote, si ile picha moja ya jengo kwenye slaidi. Christopher Alexander. Alizaliwa Vienna 1936, familia ikahamia Uingereza 1938, akasoma hisabati na usanifu pale Cambridge, halafu akaenda Harvard akatoka na shahada ya uzamifu ya usanifu. 1963 akaingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kama mwalimu na akakaa huko karibu miaka 40. Alifariki Machi 2022 akiwa na miaka 85. Majengo alijenga, yako, kuna hata kampasi nzima ya shule kule Japani ya miaka ya 80, lakini kilichonishika mimi ni vile alifikiria, na zaidi ya hapo vile alikubali kujirekebisha mbele ya watu wote.

Manake angalia hii. Mwaka wa 1964 anatoa kitabu kinachotokana na ile kazi yake ya Harvard. Anachukua kijiji kimoja cha India, alikua amekaa kule Gujarat, anaorodhesha mahitaji ya hicho kijiji moja moja, ng'ombe, maji, mbolea, ndoa, dini, mashamba, njia, mpaka yanafika 141. Halafu anauliza swali ambalo sijaona likiulizwa kwenye studio zetu: haja gani inagusa haja gani? Ukisogeza kisima, nini kingine kinasogea? Anaandika hizo mishikano zote na kuzipanga kwa hesabu, enzi ambayo kompyuta ilikua inajaza chumba kizima, na mwisho mahitaji 141 yanakua makundi 12, na yale 12 yanakua makundi makubwa 4, na manne yanakua kijiji kimoja. Ukichora hiyo kwa karatasi unapata mti. Shina, matawi manne, vitawi kumi na viwili, majani.

Watu walishangilia sana. Kijana ambaye hajafikisha miaka thelathini amepata hesabu ya kuchora kijiji.

Mwaka uliofuata tu, 1965, huyo huyo anaandika makala nyingine, na hoja yake ni kwamba mji si mti. Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Mtu ametoka tu kusifiwa kwa kuchora mti, na kabla wino haujakauka anasema hapana, mji unaoishi hauwezi kupangwa hivyo, kwa sababu kwa mti tawi moja haligusani na tawi lingine isipokua kupitia shina, na maisha ya watu hayako hivyo. Mfano wake ni mdogo mpaka unaweza kuupita. Kona moja pale Berkeley kuna duka la dawa, nje ya duka kuna rafu ya magazeti, na kwa kona kuna taa za barabarani. Taa ikiwa nyekundu watu wanasimama, wakisimama hawana kazi wanaangalia magazeti, wengine wanasoma vichwa tu, wengine wanatoa sarafu wananunua. Taa, rafu, magazeti, mfuko wa mtu, na ile dakika ya kungojea, vyote ni kitu kimoja. Mpangaji wa mji angeweka taa kwa faili ya barabara, gazeti kwa faili ya biashara, na mtu anayevuka kwa faili ya usalama, na hakuna faili ingejua kwamba gazeti linauzwa na taa.

Sasa wewe mtu wa Nairobi, si hiyo unaijua? Pita Tom Mboya asubuhi, au pale karibu na Kencom, yule muuzaji ametandaza magazeti chini kwa pevumenti, watu kumi wameinama wanasoma vichwa vya habari wakibishana siasa, wanane hawanunui, na stejini magari yanajaza. Hao wanane wasionunua ndio wanamvutia wa tisa. Hiyo kona inafanya kazi vizuri kuliko vituo vingi vya kungojea gari nilivyowahi kuona vikichorwa, na mchoraji wake hayupo, imejipanga yenyewe kwa miaka.

Na ukitaka kuelewa kwa nini huu mji wetu unaumiza watu kila asubuhi, hiyo hoja ya mti ni mlango mzuri. Mpango mkuu wa 1948, ule uliochorwa na timu iliyotoka Afrika Kusini kwa ajili ya mji mkuu wa kikoloni, uligawa Nairobi kwa vitongoji ambavyo kila kimoja kinajitosheleza, viwanda huku, ofisi kule, na makazi ya wafanyakazi Waafrika Eastlands, kila kitu na sehemu yake na barabara kubwa kama shina. Ubaguzi ulikua ndani ya huo mchoro na mti uliufaa kabisa, kwa sababu mti unahakikisha matawi hayakutani. Ukoloni uliisha, mchoro ukabaki kwa lami. Mwaka wa 2014 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Columbia na MIT walitoa ramani ya matatu, walipanda magari na simu mkononi wakarekodi njia na steji, zaidi ya njia 130, na ukiiangalia ile ramani unaona karibu kila rangi ya njia inavutwa tao, yaani katikati ya mji. Mtu wa Rongai anayeenda Kasarani anapita katikati ya mji ambao hana haja nao siku hiyo. Ndio hiyo, kupitia shina.

Ile ramani naipenda kwa sababu nyingine pia. Hao wanafunzi walijifunza mji wakiwa wamekaa kwa siti, wakihesabu nani anashuka wapi. Hiyo ni elimu ya ubunifu kabisa, ata kama haikua darasa la usanifu.

Halafu kumbuka Desemba 2018, wakati matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya mji. Asubuhi ya kwanza watu walitembea kutoka Ngara, kutoka Muthurwa, wazee, wamama wajawazito, wagonjwa wanaoenda kliniki, watu na mizigo, na haikuchukua siku mbili amri ikasimamishwa. Waliotoa hiyo amri waliona magari yamejaa wakaamua kutoa magari. Lakini gari la matatu hapa linashikana na mguu wa mtu, na saa ya kuingia kazini, na mama wa chai ya saa kumi na moja alfajiri, na kondakta, na hamali wa mzigo wa Gikomba. Ukivuta uzi mmoja nguo yote inakuja.

Pale Berkeley, mwaka ule ule wa 1963 alipoingia Alexander, aliingia pia Mjerumani mmoja, Horst Rittel, ambaye alikua amefundisha kwenye shule ya ubunifu ya Ulm. Huyu Rittel pamoja na Melvin Webber waliandika 1973 juu ya aina ya matatizo ambayo mi nayaita matatizo sugu. Wakataja sifa zake kumi. Sitazipitia zote, nitachukua tu zile zinazonisumbua. Tatizo sugu halina mahali pa kusema nimemaliza. Jibu lake si la kweli ama uongo, ni bora ama baya kulingana na nani anauliza. Kila tatizo la hivyo ni dalili ya tatizo lingine. Na huwezi kujaribu halafu ufute, kila jaribio linaacha alama kwa maisha ya watu.

Soma hiyo ukiwa umekumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Mto Mathare ulibeba nyumba na watu, na jibu lililokuja haraka lilikua kubomoa zilizobaki kando ya mto. Ni kweli kwamba mtu hafai kuishi mita mbili kutoka mtoni. Lakini yale maji yaliyofika Mathare hayakuanzia Mathare. Yalianguka juu kwa mabati na vigae na maegesho ya lami ya sehemu zingine za mji ambako kila ploti imezibwa mpaka ukutani, yakaingia mifereji iliyojengwa enzi watu wakiwa wachache, yakakuta takataka ambazo hakuna gari linaenda kuchukua, yakafika chini yakiwa na hasira. Na yule mtu aliyejenga kando ya mto alikua amefuata kodi anayoweza kulipa karibu na kazi anayoweza kuifikia kwa miguu. Mimi kama msanifu niliyepitisha ramani ya ploti iliyozibwa yote kwa zege kule juu, niko ndani ya hayo mafuriko. Sikufundishwa kuona hivyo. Nilifundishwa kwamba kazi yangu inaishia kwa beikoni, pale mpaka wa ploti ulipo.

Sasa nije kwa kitu ambacho ndicho hasa kilinifanya niandike. Siku hizi hii lugha ya mifumo, ya kuona vitu vikiwa vimeshikana, imeingia Nairobi kwa nguvu. Kila warsha kwenye hoteli za Westlands ina karatasi za rangi zimebandikwa ukutani na mishale mingi, kila pendekezo la ufadhili lina mchoro wa duara na duara, na vyuo vimeanza kuweka hilo neno kwa vichwa vya masomo. Nafurahi kwa upande mmoja. Upande mwingine nina wasiwasi mkubwa, kwa sababu naona tunachukua ile hatua ya 1964, ya kuorodhesha na kupanga kwa makundi, tunadhani tumefika. Alexander mwenyewe hakukaa hapo. 1971 kile kitabu chake kilipochapishwa tena aliweka dibaji mpya, na ndani yake akakataa ile fikra kwamba mbinu za kubuni zinaweza kusomwa peke yake kando na kubuni kwenyewe. Kulikua tayari na watu wengi wamejenga kazi zao juu ya hizo mbinu, mikutano, majarida, na yeye ndiye aliyekua akitajwa kama baba yao. Akawaambia hapana, mimi siko huko.

Nini kilimbadilisha? Jibu langu ni kwamba alikua anaenda kwa watu. Mwaka wa 1969 kulikua na mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini Lima, Peru, wasanifu wakubwa wa dunia wakaalikwa, na timu yake yeye ilienda kukaa na familia kwenye mitaa yenyewe kabla ya kuchora, wakalala huko wakala huko wakaona nani anakaa wapi ndani ya nyumba saa ngapi. Miaka ya 70 mwanzo akafanya kazi na Chuo Kikuu cha Oregon, na pale akapendekeza kwamba wanafunzi na walimu wenyewe ndio waamue nini kijengwe, vipande vidogo vidogo, na kila mwaka watu wapitie kampasi wakiangalia wapi panafanya kazi na wapi pamekufa, kama daktari anavyopitia wodi. Halafu 1977 kikatoka kile kitabu cha ruwaza 253, pattern kwa Kiingereza, alichoandika na wenzake akina Sara Ishikawa na Murray Silverstein, ambacho kila ruwaza ni tatizo linalojirudia na kiini cha jibu lake, kuanzia ukubwa wa eneo zima mpaka kiti unachokalia.

Nitachukua moja tu. Wanasema balkoni yenye kina cha chini ya futi sita, karibu mita 1.8, huwa haitumiki na watu. Simama pale Pipeline, au Roysambu, au Zimmerman, angalia juu. Ghorofa saba, nane, hakuna lifti, na kila nyumba ina balkoni ya upana wa mlango, mtu hawezi kuweka kiti na miguu yake pamoja. Nguo tu, na jiko la makaa, na ndoo za maji za siku mfereji umekauka. Mama anaoshea mtoto kwa korido. Sasa ukiongea na mwenye ploti atakuambia ukweli wake pia, kwamba kila futi anayotoa kwa balkoni ni futi haina kodi, na benki inamngoja. Kwa hiyo hilo swali la futi sita linashika benki, linashika bei ya ardhi, linashika maji ya kaunti, na mwanafunzi anayefundishwa kuchora balkoni kwa sababu inapendezesha sura ya jengo ameachwa nje ya swali lote.

Watu wa programu za kompyuta ndio walimwelewa haraka kuliko sisi, na hili huwa linanishangaza. 1987 Kent Beck na Ward Cunningham walianza kutumia hizo ruwaza zake kwa kuandika programu, 1994 kikatoka kitabu maarufu cha ruwaza za programu, 1995 Cunningham akatengeneza tovuti ya kwanza ya aina inayoitwa wiki, ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, ili watu wakusanye ruwaza pamoja. Kwa hiyo kila ukifungua Wikipedia kwa simu yako ndani ya matatu, kuna uzi unaorudi mpaka kwa msanifu majengo. Vijana wanaoandika programu pale Ngong Road na Kilimani wengi wanajua neno ruwaza kwa kazi yao, na wenzao wa usanifu kilomita chache kutoka hapo wanaweza kumaliza digrii bila kumsoma.

Sisemi tumuabudu. Kuna mambo yake nakataa. Moja ya zile ruwaza inasema majengo yasizidi ghorofa nne, na mimi nikiwa Nairobi, na bei ya ardhi hii na watu wanaotembea saa nzima kwenda Industrial Area, siwezi kuisema kwa moyo safi. Na ruwaza nyingi zina harufu ya mahali alipotoka, vijiji vya Ulaya, mvua ya kule, jua la kule. Pia kazi yake haikufaulu kila mara. Mexicali, Mexico, 1976, alijenga na wanafunzi pamoja na familia zenyewe, kila familia ikapanga nyumba yake, zilikua ziwe 30. Zikajengwa 5. Serikali iliyokua imemuunga mkono ikajitoa. Hapo unaona hata yeye, aliyeona mishikano ya kila kitu, hakuweza kushika ule wa ofisi na siasa, na huo kwetu hapa ndio mara nyingi unaoua mradi.

Ndio maana nikiulizwa darasa la mifumo la Nairobi liko wapi huwa nasema liko Mukuru, kwenye mitaa ya mabanda. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mpango, nyumba karibu laki moja, na badala ya kampuni moja kuitwa kuchora, mashirika mengi yaligawana kazi, wa maji, wa afya, wa sheria, wa fedha, wa barabara, vyuo vikiwemo, na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda, wakapanga wakaazi kwa vikundi vya nyumba kumi kumi ili kila familia iwe na mtu wa kuongea kwa niaba yake. Hapo ndipo ilipowekwa wazi kwa ushahidi kitu ambacho kila mtu wa mtaa alikua anajua, kwamba maskini wa Mukuru analipa maji kwa bei ya juu kuliko mtu wa nyumba yenye mfereji. Barabara zilikuja, mabomba ya maji taka yakaanza kuingia. Na bado Oktoba na Novemba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ikabomolewa na maelfu ya watu wakalala nje. Yote mawili yalitokea mahali pamoja. Mwanafunzi anayetaka kujua mpango ni nini, akae na hayo mawili, asichague moja.

Kinachonikera na studio zetu, na nimepita kwa kadhaa kama mgeni wa kriti, ni kwamba hazina mrejesho kutoka kwa mahali penyewe. Usanifu umefundishwa hapa Nairobi tangu 1956, enzi ile Chuo Kikuu cha Nairobi kikiitwa Royal Technical College, na vizazi vyote hivyo vimepita kwa njia ile ile: unapewa saiti, unatembelea mara moja na kamera, unachora wiki kumi na mbili, unasimama mbele ya jopo, unatetea, alama, modeli inatupwa, semista imeisha. Jopo likisifu umefaulu. Yule mama wa nyanya hayupo kwa jopo. Na baada ya chuo ni hivyo hivyo, jengo likikabidhiwa msanifu analipwa ile asilimia yake ya mwisho na harudi tena labda kupiga picha. Alexander aliweza kusema nilikosea 1965 na tena 1971 kwa sababu alikua amejiweka mahali ambapo makosa yanaweza kumfikia. Sisi tumejenga elimu ambayo makosa hayana anwani ya kutupata.

Najua majibu, nimeyasikia kwa walimu ninaowaheshimu. Kwamba muda hautoshi, darasa ni la watu sitini, bodi inataka kuona michoro kamili ndio ipitishe kozi, mwanafunzi lazima ajue kuchora nondo na ngazi kabla ya kufikiria jamii. Hilo la mwisho nakubali nusu, jengo likianguka mfumo wote haujalishi, na lile jengo lililoanguka Huruma 2016 lilitufundisha hiyo kwa uchungu. Lakini ningeomba semista moja tu kati ya zile zote, mwaka wa tatu hivi, ambayo hakuna kuchora kitu kipya. Wapewe jengo lililokwisha kukaliwa miaka mitano, warudi hapo kila wiki kwa saa tofauti, alfajiri, usiku, siku ya mvua, siku maji yamekatika, na alama itoke kwa walichogundua kwamba kilidhaniwa vibaya.

Mwaka jana nilichukua wanafunzi sita waliokua attachment kwa ofisi yetu nikawapeleka kwa lile soko langu. Tulifika saa kumi na moja asubuhi kreti zikishuka kutoka kwa lori. Wiki tatu hawakuchora chochote, walihesabu tu, nani anabeba nini, kwa shilingi ngapi, hatua ngapi. Halafu mmoja wao, msichana mtulivu ambaye mamake ni fundi wa nguo River Road, akasema kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona katika miaka yangu yote ya kupanda zile ngazi za tao: kwamba kule River Road na Moi Avenue ghorofa za juu zimejaa, mafundi wa nguo, saluni, wasusi, wa kutengeneza simu, na wateja wanapanda bila kulalamika. Kwa sababu hao hawabebi kreti. Mzigo wao ni mwepesi, na mteja anakuja akiwa na jina la mtu anayemtafuta.

Tukapeleka hiyo kwa kamati ya soko. Hawakutupa ghorofa nzima, walitupa vibanda viwili vya kujaribu, vikachukuliwa na mafundi wawili wa nguo. Mmoja bado yuko, ana wateja wa sare za shule. Mwingine ameshuka, anasema huko juu hatukuweka soketi ya pasi.